Mzee wa Gogo: Kumbukumbu ya Vinko Hrastar wa Lipnik

Mwaka umeshazunguka, Vinko, tangu asubuhi ile ya Oktoba uliponiomba nikufunike miguu pale kwenye benchi la jiko la udongo, na nilipogeuka kuchukua blanketi ukawa umeshaondoka. Hukuaga. Hata ukienda kilabuni ulikuwa huagi.

Mwanao Gregor anasema tangazo la kumbukumbu ni picha, mistari michache na majina ya wafiwa. Nimemwambia nimekaa na babake miaka arobaini na minne, kwa hiyo mistari yake michache amwekee mtu mwingine. Gazeti la wilaya limekubali kutupa ukurasa mzima. Tena kuna kosa la kusahihisha. Tangazo la msiba wako mwaka jana lilitoka na neno moja baya, na tangu siku hiyo limenikaa kooni. Nitalifikia. Wewe subiri, huna haraka tena.

Nyumbani tupo. Paka wako amekataa kikapu kipya, analala ndani ya kofia yako ya kazi kwenye dirisha la ghala. Miplamu ilizaa sana mwaka huu na pombe yake imetoka kali kama ulivyoipenda. Gregor aliionja akakohoa mpaka machozi yakamtoka, nikakusikia unavyocheka. Mkate bado nauchorea msalaba kwa ncha ya kisu kabla ya kuukata, kama ulivyokuwa ukifanya, ingawa wewe ulichora haraka haraka ili mtu asikuone akakuita mcha Mungu.

Ninachokikosa zaidi ni unga wa mbao. Ajabu, maana miaka yote nimekugombeza juu yake. Ulitoka kwenye mashine ya mbao umejaa unga masikioni, kwenye mapindo ya suruali, ndani ya soksi, na kila uliposimama pakabaki alama sakafuni. "Vinko, jikung'ute nje!" "Nimejikung'uta." "Umejikung'utia wapi, kitandani kwangu?" Sasa sakafu ni safi kutwa na sina wa kumgombeza. Juzi nilitoa koti lako la baridi kabatini, ukamwagika unga wa msonobari kutoka mfukoni, bado unanukia. Nikauzoa, nikaurudisha mfukoni.

Wajane wa Lipnik wanakukumbuka kwa mbao za majeneza ulizowapasulia bila kungoja hata asante. Watoto wanakukumbuka kwa peremende zenye ladha ya msonobari. Mimi nakukumbuka ukipiga mluzi wa polka ile ile moja, ukiukosea kila siku mahali palepale.

Lakini kijijini jina lako lilikuwa Mzee wa Gogo. Binti wa Lipnik akiolewa nje ya kijiji haondoki hivi hivi. Vijana huweka gogo barabarani, pale kwenye kona ya kichanja chetu cha kukaushia nyasi, wanasimama na mashoka na mafyekeo, na bwana harusi hapiti mpaka ajieleze ni nani, aseme ana nini cha kumpa binti wa watu, atoe divai na paja la nguruwe la moshi, kisha alikate gogo mbele ya kijiji kizima kwa msumeno butu kuliko yote iliyopo. Wewe ndiye uliyechagua gogo, ukavaa kofia ndefu nyeusi yenye unyoya wa jogoo, ukasoma mashtaka kichwani bila kusahau hata moja. Wiki nzima kabla ya harusi ulikuwa unausugua ule msumeno wa watu wawili kwenye jiwe la kisima ili meno yafe kabisa. Kuna daktari alikuja kumchukua binti wa mwalimu, akakata mwaloni ule mpaka shati likamgandia mgongoni, nawe umeketi juu ya gogo lenyewe unakula tufaha. "Taratibu, daktari. Mgonjwa huyu hana haraka."

Huku kwetu msichana aliyeondoka bila gogo ni msichana ambaye hakuna aliyesikitika kumpoteza. Hilo halisemwi kwa mdomo, ila kila mama analijua. Frančiška wa chini ya kanisa, binti yake aliondoka bila gogo kwa sababu ya mafuriko, na Frančiška bado ana kinyongo na mto.

Na binti yetu Neža je? Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Polona alikuja kwetu mara ya kwanza msimu wa baridi, siku tuliyochinja nguruwe. Neža alisema ni rafiki yake wa Ljubljana, mji mkuu, dereva wa basi la jiji. Mzaliwa wa ghorofa, hajawahi kuona utumbo unaoshwa. Akakunja mikono ya shati akajaza soseji za damu mpaka jioni, na wewe ukasema mezani, "Huyu anafanya kazi kuliko Gregor." Gregor alinuna. Ulimpenda, Vinko, kabla hujajua unampenda nani.

Vuli ya mwaka 2015 wakaja tena. Neža aliweka kijiko chini. "Baba, Mama, Polona si rafiki yangu tu. Tunaishi pamoja kama ninyi mnavyoishi." Nilijua siku nyingi, mama hafichwi, lakini moyo ulinidunda kwa ajili yako. Ukanyanyuka. Ukasema jiko linataka kuni. Jiko lilikuwa limejaa kuni mpaka mlango haufungi, nawe ulisimama mbele yake umetupa mgongo mpaka wageni wakaondoka.

Desemba ile nchi nzima ilipiga kura kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana. Jirani yetu Tone Kobal alifunga bango kubwa la kupinga kwenye uzio wake, lenye picha ya watoto, nasi tukalipita kila tulipokwenda kanisani. Hukulisema kwa wema wala kwa ubaya. Ulikwenda kupiga kura na suti yako ya Jumapili, ukarudi, ukala supu ya tambi. Jioni matokeo yakatoka: wengi wamekataa, na Lipnik imekataa kuliko wengi. Simu ikalia. Nilikuwa karibu, nilimsikia Neža vizuri.

"Baba, wewe ulipiga vipi?"

"Kura ni siri," ukasema.

"Kwangu pia?"

Ukanipa simu mimi.

Mimi nilipiga ndiyo, Vinko, sasa nakwambia. Wewe sikukuuliza na hukuniambia. Nadhani ulipiga hapana. Nadhani hivyo kwa jinsi ulivyokula ile supu, hukuinua macho hata kuomba chumvi.

Baada ya hapo Neža hakuja tena Jumapili. Nilikuwa naweka sahani yake kwa mazoea, kisha naiondoa, na wewe ulikuwa unajifanya hamnazo. Alikuja siku ya Watakatifu Wote tu, maana siku ile hata aliyegombana na ukoo mzima huja makaburini kuwasha mshumaa. Polona alibaki ndani ya gari nje ya geti. Mwaka wa kwanza hivyo, na wa pili hivyo. Watu walipita na maua yao mikononi, kila mmoja anachungulia kwenye kioo na kujifanya anatazama milima.

Mwaka wa tatu ulikuwa umesimama kaburini kwa mama yako na mshumaa mkononi, hujauwasha. Mara ukageuka ukashuka ngazi, mbele ya kasisi, mbele ya Tone Kobal na mkewe, ukaenda kugonga kioo cha lile gari. Nilikufuata mbio nikidhani unakwenda kugombana.

"Binti, una kiberiti?"

"Sivuti sigara, Bwana Vinko."

"Sijakuuliza unavuta nini. Magoti yananiuma na kaburi la mama yangu liko chini. Njoo uniwashie."

Magoti, Vinko! Wiki hiyo hiyo ulikuwa juu ya paa la kanisa unabadilisha vigae. Polona aliteremka, akapiga magoti kwenye changarawe na suruali yake nzuri, akaomba kiberiti kwa mke wa Tone, na mke wa Tone akampa kwa sababu hakujua la kufanya. Tulirudi nyumbani sote wanne. Neža alilia jikoni akisingizia vitunguu.

Tangu hapo walikuja Jumapili, wote wawili. Ulimkatia Polona nyama, ukamuuliza habari za injini. Lakini jambo lenyewe hukuligusa. Kwa watu ulimwita "yule wa Ljubljana." Neža alisubiri useme chochote, hata kibaya. "Mama, nimechoka kuzungukwa," aliniambia. "Baba ananizunguka kama shimo barabarani." Nami nilimtetea baba yake, kisha nikaja kukununia wewe, na hukujua hata kwa nini.

Kisha majaji wa Mahakama ya Katiba wakaamua, kiangazi cha mwaka 2022, kwamba kuwanyima watu hawa ndoa ni kuwabagua, na bunge likarekebisha sheria. Tulisikia redioni tukichambua maharage. Ulichambua ganda moja kwa muda mrefu sana. Majira ya kuchipua yaliyofuata Neža akapiga simu: wanaoana Juni.

"Nataka kutokea nyumbani, Mama. Kama Baba hataki, nitatokea Ljubljana."

Nikakufikishia. Ukasema, "Mlango wetu una kufuli tangu lini?" Nikampelekea hayo, akacheka kidogo. Halafu akasema, "Ila gogo sitaki."

"Hulitaki au unaogopa halitakuwepo?"

"Nikisema silitaki, halitaniuma."

Sikulala vizuri wiki zile. Nilijua kijiji chetu. Hawangemtukana, hapana; wangefunga tu madirisha na kwenda kukata nyasi. Angepita kona ya kichanja barabara ikiwa tupu, kana kwamba hakuzaliwa hapa, wala hakusomea hapa, wala hakuvunjika mkono akianguka kwenye mplamu wa Tone Kobal. Nilitaka kukwambia, nikashindwa. Ungeniambia baba wa bibi harusi hasimami kwenye gogo la binti yake. Ndiyo sheria, baba hukaa mlangoni akambariki. Na bila wewe, nani angelisimamia?

Ikafika Jumamosi. Neža kavaa gauni la bibi yake nililolipunguza kiunoni, Polona suti nyeupe. Tumesimama mlangoni, potica yangu, ile keki ya jozi, imefungwa kwenye kitambaa, kila kitu tayari. Wewe hupo.

"Baba yuko wapi?"

"Atakuwa kwenye mashine."

"Leo?"

Nikaita ghalani, nikaita bustanini. Kofia yako haipo, buti hazipo. Neža alitazama kizingiti ambapo ulitakiwa usimame umwekee msalaba kwenye paji la uso. Uso ulimshuka, na mimi, mke wako, siku hiyo nilikuchukia kwa moyo wote kwa muda kama wa kuchemsha yai.

"Haya basi," akasema. "Twende."

Polona aliendesha. Mimi nilikuwa nyuma nimepakata potica. Tukakata kona ya kichanja, na barabara ikawa imefungwa.

Gogo la mwaloni, limelala ng'ambo hadi ng'ambo. Nyuma yake wanaume, wengi, na mashoka na mafyekeo. Hakuna aliyecheka. Mbele yao Tone Kobal, mikono nyuma. Nimeona magogo ya harusi tangu utoto wangu, Vinko, lakini kwenye gogo huwa kuna muziki wa kodiani, na siku ile palikuwa kimya kabisa. Sikufikiri gogo. Nilifikiri bango.

"Neža, wana mashoka," Polona akasema.

"Nawaona."

"Nani hawa?"

"Watu wa kwetu." Neža akapandisha kioo cha upande wake. "Wamekuja kutuzuia. Siku ya leo, Polona. Wameshindwa kunyamaza hata leo."

"Fungeni milango," nikasema. Mimi, mzaliwa wa Lipnik, nikasema fungeni milango.

Tone akaja mpaka kwenye gari. Akagonga kioo. Polona alikifungua upana wa kidole.

"Samahani," Tone akasema kwa sauti ya chini. "Lado wa kodiani amechelewa, ng'ombe wake anazaa. Tuanze au tumsubiri?"

Kisha akatoa mkono nyuma ya mgongo, na mkononi alikuwa na kofia yako ndefu nyeusi yenye unyoya wa jogoo. Akaivaa. Ilimfika masikioni, maana kichwa chako kilikuwa kikubwa na chake ni cha kuku. Akarudi nyuma hatua kadhaa akapaza sauti mpaka kengele za kanisa nusura zijibu:

"Simama hapo, mgeni! Wewe ni nani, unatoka wapi, na kwa ruhusa ya nani unatuibia binti yetu?"

Neža aliweka uso mikononi. Nilidhani analia kwa uchungu, kumbe kilio ni kile kingine. Polona, mtoto wa ghorofa, hakuelewa kitu. "Wanataka nini?" Nikamwambia, "Wanakutaka wewe, mwanangu. Shuka. Wewe ndiye bwana harusi."

"Mimi nimevaa nyeupe!"

"Hata daktari alivaa nyeupe. Shuka!"

Akashuka. Akasimama mbele ya gogo, akavuta pumzi.

"Naitwa Polona Vidmajer. Naendesha basi namba sita. Nimezuiwa na wengi barabarani, walevi, bata, na waziri mmoja, lakini gogo bado."

Hapo ndipo wanaume walipovunjika mbavu. Tone akajaribu kukaza uso. "Huyu binti ni lulu ya kijiji! Anafua, anapika..."

"Anapika?" Polona akasema. "Mzee, mmemsahau. Huyu aliunguza maji."

"Polona!" Neža akapiga kelele kutoka garini.

"Tena anakoroma. Mnaweza kupunguza bei."

"Hatupunguzi! Mapipa mawili ya divai na paja la nguruwe!"

"Pipa moja, na mwaka mzima mkija Ljubljana mnapanda basi langu bure."

Wakashauriana kwa vichwa kugusana, kama ulivyowafundisha. Wakakubali pipa na basi. Tone akainua mkono. "Sasa akate!"

Vijana wakagawanyika katikati, nawe ukatokea. Umesimama nyuma ya kichanja muda wote ule, Vinko Hrastar, na suti yako ya Jumapili, na msumeno wa watu wawili begani. Neža aliteremka garini akabaki ameshika mlango. Hukumtazama. Ukaulaza msumeno juu ya gogo taratibu.

"Upande wa pili anashika nani?" Tone akauliza. "Bwana harusi huja na mtu wake."

Polona akageuka huku na huku. Ndugu zake walikuwa wanatusubiri mjini. Hapakuwa na mtu wake yeyote barabarani, na kicheko kilikuwa kimeisha.

Ukavua koti, ukampa Tone alishike. Ukashika mpini wa upande wa pili.

"Mzee Vinko, hairuhusiwi!" kijana mmoja akasema. "Wewe ni wa upande wetu!"

"Nyamaza," ukasema. Kisha ukamwambia Polona kwa sauti ile uliyokuwa ukiwafundishia wanao, "Usisukume. Ukisukuma unapinda. Wewe vuta tu, halafu niachie mimi nivute."

"Sijawahi, Bwana Vinko."

"Bwana Vinko yuko kwenye mashine. Mimi baba. Vuta."

Mkavuta. Lado akafika anakimbia na kodiani na majani ya zizini kwenye suruali, akaanza polka yako, na kabla hajaimaliza gogo likaachana vipande viwili. Mwaloni ule! Watu hawakushangilia mara moja, walikuwa bado wanajipanga kusimama kutwa. Tone akainama, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno, akaruka.

"Jamani, damu! Huu umenolewa!" Akainua kidole watu wote wakione. "Miaka arobaini! Mimi mwenyewe nilimwona mkwe wangu anakaribia kuzirai kwenye gogo! Nani amenoa?"

Kijiji kizima kikakutazama. Wewe ukatazama nyasi, ukasema zimechelewa kukatwa.

Neža akaja mpaka ulipo. Baraka ulizokosa kumpa mlangoni ukampa pale barabarani, ukamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole kilichojaa unga wa mbao. Polona akawa anarudi kwenye gari. "Na wewe," ukasema. Akarudi, akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumpangusa mtu unga wako. Waliingia ofisi ya ndoa nao usoni, na uko kwenye picha zote.

Yaliyotokea kilabuni kabla ya siku ile Tone alinisimulia baadaye, akiwa na glasi mkononi. Anasema uliingia, hukuketi. Ukasema, "Jumamosi binti yangu anaondoka. Binti zenu wote nimewawekea gogo. Nani ananiwekea mimi?"

Tone akakwambia, "Vinko, lakini ni wanawake wawili."

"Najua kuhesabu, Tone."

"Basi mwenye kulipa ni nani?"

Anasema hapo ndipo ulipovuta kiti. Mmoja akasema alipe anayekuja kuchukua. Mwingine akasema hapana, wote wawili ni mabibi harusi, basi na Maribor, mji wa kwao Polona, nako wawekewe gogo, alipe Neža. Wakabishana mpaka mwenye kilabu akaanza kupindua viti juu ya meza. "Tulipotoka nje," Tone akaniambia, "ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa sijakubali. Lakini tulikuwa tumeshachagua mti." Bango lake siku hizi ndilo la kufunikia kuni, nimeliona, upande wa picha umetazama chini.

Kiangazi hiki Zala, mjukuu wa Tone, ameolewa. Tone alikuja kwangu na kofia yako mkononi kuomba msumeno. Nikamshushia. Akaupapasa meno kwa uangalifu, safari hii kwa kucha.

"Štefka, bado unakata. Niusugue kwenye jiwe la kisima, wiki moja tu utakufa."

"Huu hapana," nikamwambia. "Tafuta mwingine wa kuua."

Hakuuliza kwa nini, na mimi sikumwambia. Sasa namwambia yeye na kila anayesoma, kwa sababu hata Neža hajui. Mara zote nilipokuuliza kwa nini ulinoa, ulijibu kwamba msumeno ulijinoa wenyewe. Lakini siku chache kabla hujatuacha, umelala hapo kwenye benchi, mgongo wako umegusa vigae vya moto vya jiko, nilikuuliza tena ili nikuchekeshe tu. Hukucheka.

"Gogo ni la kumchelewesha bwana harusi," ukasema. "Mimi nilishawachelewesha vya kutosha."

Kisha ukaomba chai.

Hayo ndiyo yangu, Vinko. Na sasa lile kosa. Mwaka jana, kwenye tangazo la msiba, msichana wa gazetini aliandika "binti yake Neža na rafiki yake." Alidhani anatustahi. Neža alisema tuliache. Polona alisema tuliache. Mimi nilijua ungevaa buti na kwenda mpaka ofisini kwao, ukawaachia unga wa mbao kwenye zulia. Basi tunalisahihisha hapa, kwa herufi zile zile, ili alione kila aliyeliona lile.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Štefka. Mwanao Gregor na mkewe Darja. Wajukuu wako Jakob na Lana. Tone Kobal, ambaye si ndugu ila ameomba. Na binti yako Neža na mkewe Polona.

Hatujakusahau hata siku moja, Vinko, na hatuna nia ya kuanza.